Vikapu vya Sepuka si usanii, ni ugali

Wiki hii naomba nianze na kaswali kadogo. Hivi ni nani aliyetufundisha sisi Wabongo kwamba mtu akitudanganya tumwambie "acha usanii"?

Hebu chunguza. Kijana aliyekuuzia simu pale Kariakoo, ukafika nyumbani ukakuta ni kipande cha sabuni kimefungwa vizuri, unasema amekufanyia usanii. Mgombea aliyeahidi daraja mahali ambapo hata mto haupo, msanii. Fundi aliyechukua advansi ya suti yako ya harusi akahama mtaa usiku, huyo ndiye msanii mkubwa.

Sasa njoo kwa yule mama anayekaa chini ya mti kuanzia saa nane mchana, miguu kainyoosha, anasuka kikapu ambacho utakirithisha mwanao kikiwa bado kimekaza. Huyo hatumwiti msanii. Ukiuliza anafanya kazi gani utajibiwa: "Aaa, huyo yuko nyumbani tu, hana kazi."

Hana kazi! Jamani!

Umoja wa Mataifa wenyewe, pamoja na suti zao na tai zao, walikaa wakautangaza mwaka 2021 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Uchumi wa Ubunifu kwa Maendeleo Endelevu. Waliopeleka hoja walikuwa Indonesia, watu wanaojua vizuri jinsi kitambaa cha batiki kinavyoweza kulisha familia. Huku kwetu mwaka ule ulipita kimyakimya, tulikuwa tunanawa mikono na kujifukiza kwa sababu ya korona.

Usitishwe na jina. Uchumi wa ubunifu maana yake ni hela inayotoka kwenye kichwa na mikono ya mtu. Muziki, filamu, uchoraji, ushonaji, uchongaji, ngoma, vitabu, na ususi pia umo. Nchi masikini haina haja ya kungoja mwekezaji aje na mitambo ndipo ianze. Mtambo uko mkononi mwa shangazi yako. Tatizo ni kwamba mtambo huo hatujauwekea mafuta.

Ndiyo maana leo nataka twende Sepuka.

Kwa wale ambao jiografia iliwapiga chenga shuleni, Sepuka iko mkoani Singida, upande wa magharibi ukitoka mjini, katika wilaya ya Ikungi, ile iliyozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Singida Vijijini. Ukiipita Sepuka ukakaza mwendo, barabara inakupeleka Ndago kwa watani na majirani zetu Wanyiramba. Sisi ni Wanyaturu, watu wa mtama, uwele, alizeti na asali. Na kuku wa kienyeji, wale ambao wakishapanda basi kwenda Dar wanashuka na bei ya mbuzi.

Mkoa wetu unasifiwa kwa alizeti na kuku. Vikapu hutajwa siku moja tu, siku kiongozi anapokuja na kukabidhiwa zawadi. Anakipokea, anakiinua juu, kamera zinalia, wanampigia makofi. Halafu dereva anakitupa nyuma ya shangingi na hapo ndipo sera ya utamaduni inapoishia.

Lakini ususi wa kwetu haukuanzia kwa mtalii. Ulianzia jikoni. Ungo wa kupepetea mtama, kitunga cha kuwekea unga, kikapu kikubwa cha kubebea mavuno, na kile kizuri chenye maua kinachotoka kabatini siku ya ugeni mzito au harusi. Ni vyombo vya kazi, ila mwenye navyo alitaka viwe vizuri. Huo ndio usanii wenyewe, sio wa sabuni ya Kariakoo.

Nina shangazi yangu huko Sepuka. Jina silitaji, maana gazeti hili husomewa na wajukuu zake na nikimkosea nitakoma mimi. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta na vikapu kama saba vimetundikwa ukutani, kila kimoja na nakshi yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Za huko kwenu?"

"Nzuri tu. Shangazi, hiki chenye mistari myekundu unauzaje?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la mtego. "Inategemea."

"Inategemea nini? Ukubwa?"

"Inategemea siku hiyo nyumbani kumepungua nini."

Msomaji, jibu hilo nimekaa nalo muda mrefu. Yaani kama kimepungua chumvi na sabuni, kikapu kinauzwa bei ya chumvi na sabuni. Kama mjukuu amerudishwa shuleni kwa kukosa sare, kikapu kinapanda kidogo hadi bei ya sare. Kama kuna mgonjwa, basi anachotoa mnunuzi ndicho kinachopokelewa. Kikapu ni kilekile, mkono ni uleule, nyasi ni zilezile. Bei inapangwa na shida.

Na wachuuzi wanalijua hilo. Wengi wao hawaji mwezi wa saba, wakati watu wamevuna na debe limejaa. Wanakuja Januari, Februari, Machi, ile miezi ambayo ghala linaonyesha sakafu na mahindi yako shambani bado mabichi. Wakati huo ukimtajia mama bei anakubali huku anasimama kwenda kukitoa kikapu ukutani.

Sasa tupige hesabu ya darasa la tatu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, wewe weka za kijijini kwako. Tuseme kikapu kimoja kinachukua siku sita ukijumlisha kwenda porini kutafuta majani, kuyaanika, kuyatia rangi na kusuka. Rangi sh. 1,000. Mchuuzi anakichukua kwa sh. 6,000. Mama amebaki na sh. 5,000. Gawa kwa siku sita, unapata kama sh. 833 kwa siku. Hiyo bodaboda hakupeleki hata mnadani ukarudi.

Mchuuzi anakifikisha mjini anakiuza kwa sh. 15,000 kwa mwenye duka. Mwenye duka anakiwekea kikaratasi, anakimulika taa, anakiuza kwa mgeni sh. 40,000. Katika kila shilingi 100 aliyotoa mgeni yule, msusi amepata shilingi 15, na rangi hajaitoa.

Sasa usidhani nataka tumpige mawe mchuuzi. Hapana. Analipa nauli, analipia mzigo, anapigwa na mvua, vingine vinaminywa chini ya magunia ya vitunguu vinafika vimepinda kama kofia ya mlevi. Mwenye duka naye ana pango, ana kodi, ana miezi ambayo hauzi hata kimoja. Wote wanastahili kula. Ninachouliza ni hiki: kwa nini mchuuzi anapanga bei kwa kuangalia gharama zake, mwenye duka anapanga bei kwa kuangalia gharama zake, ila shangazi peke yake anapanga bei kwa kuangalia njaa yake?

Hapo ndipo ninapotofautiana na waheshimiwa wa semina. Unawajua? Wale wanaokuja na gari lenye mkonga mrefu wa redio, wanawakusanya akina mama darasani, wanawapa fulana na soda, halafu wanawafundisha "kuongeza ubunifu". Shangazi yangu afundishwe ubunifu! Huyu ambaye akianza nakshi haandiki popote, anahesabu kichwani na mwishoni ua linakutana na ua bila kukosea! Ubunifu anao wa kuwagawia hao wenye gari.

Anachokosa ni uwezo wa kusubiri. Basi. Angeweza kukaa na vikapu vyake saba hadi mnunuzi wa maana atokee, ule mfano wetu ungebadilika. Akikiuza kwa sh. 12,000 badala ya 6,000, siku yake inatoka sh. 833 hadi sh. 1,833 na mchuuzi bado anapata faida yake. Hakuna aliyejifunza nakshi mpya wala mashine iliyoletwa kutoka China. Mtu amesubiri tu.

Na kusubiri si jambo geni kwetu. Muulize mkulima yeyote wa alizeti Sepuka. Ukiuza siku ya mavuno umeliwa, ukiweka ukauza baadaye walau unapumua. Serikali yenyewe iliona jambo hilo ikatunga sheria ya stakabadhi ghalani mwaka 2005, kwamba mkulima aweke mazao ghalani apewe karatasi inayoonyesha mali yake ipo. Kwa nini kikapu, ambacho hakiozi wala hakiliwi na funza kama kikitunzwa vizuri, kiuzwe siku ileile kama samaki mbichi?

Mtaji wa kusubiri unatoka wapi? Sina haja ya kwenda Benki ya Dunia. Kwanza kuna VICOBA na vile vikundi vya kufa na kuzikana ambavyo akina mama wanaviendesha kwa nidhamu kuliko mabenki mengine. Kikundi kikiamua kwamba kila aliyeleta kikapu kilichokaguliwa apewe mkopo mdogo wa kununulia debe la mahindi, kikapu kinakaa kwenye sanduku la kikundi, tayari huo ni ushirika wa ususi. Mchuuzi akija Februari anazungumza na kikundi kilichoshiba, hazungumzi tena na mama mmoja mwenye njaa.

Pili kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Iliwekwa kisheria mwaka 2018, ikasimamishwa mwaka 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na fedha zisizorudi, ikarejeshwa mwaka 2024. Waombaji wengi wanaandika ufugaji wa kuku na mashine ya kukamua alizeti kwa sababu ndivyo wanavyodhani ofisa anataka kusikia. Andikeni ususi! Akiuliza dhamana iko wapi, mfungulieni sanduku.

Sasa ngoja nigeuke upande wa pili maana wasomaji wa Singida mtasema namtetea shangazi yangu kwa sababu ni damu. Na sisi wasusi tuna lawama zetu.

Mgeni akikupenda, hataki kikapu kimoja. Anataka mia tatu. Na anataka mia tatu vilivyofanana. Kikundi cha akina mama ishirini, kila mmoja akitoa vinne kwa mwezi, ni vikapu 80. Mia tatu ni kazi ya karibu miezi minne. Sasa mwezi wa pili fulani ana msiba, fulani analima, fulani kakasirika kwa sababu mwenzake kachaguliwa mweka hazina. Vinapokusanywa, kimoja ni kipana kama beseni, kingine kimeinuka kama kofia ya polisi wa zamani. Mgeni anachukua vyake sabini, anaaga kwa adabu, harudi tena.

Wenzetu Rwanda walipita humo. Vikapu vyao vinaitwa agaseke. Mwaka 2004 dada wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, walianzisha kampuni ya Gahaya Links wakiwakusanya wanawake, wajane wa mauaji ya kimbari ya 1994 na wale ambao waume zao walikuwa magerezani kwa mauaji hayohayo, wakae mkeka mmoja wasuke. Mwaka 2005 vikapu hivyo vikaingia kwenye maduka ya Macy's huko Marekani. Duka la namna hiyo halinunui kwa huruma mara mbili. Mara ya kwanza huruma, mara ya pili ni kipimo. Kikapu cha leo kifanane na cha jana, rangi isichuje, mdomo usilegee, mzigo ufike siku iliyosemwa.

Kwetu kipimo kinaweza kuwa kijiti tu. Kijiti cha urefu wa mdomo, kijiti cha kina, kila mama awe navyo viwili nyumbani. Kikapu kisicholingana na kijiti kiuzwe mnadani, nako kuna wateja. Kinacholingana kiingie sandukuni. Msusi asisikie vibaya. Hata daktari wa Muhimbili ana mizani.

Jambo la tatu ni jina, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Kulikuwa na bwana mmoja kutoka Tunduru, Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932. Alikuja Dar kutafuta maisha, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mbao laini za dari, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Wazungu wa Oysterbay wakazipenda. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi, waliomdhania kuwa mhalifu. Alichora kwa miaka minne tu! Ndugu zake na wanafunzi wake wakaendeleza, na mwaka 1990 wakasajili ushirika wao. Leo hii jina Tingatinga linajulikana duniani kuliko majina ya mawaziri wetu wengi. Lakini zunguka Dar, Arusha, Zanzibar, vuka mpaka, utaona picha za "tingatinga" kila ukuta, na wengi wa wanaoziuza hawana uhusiano wowote na ushirika ule. Jina likishazagaa bila mwenyewe kulifunga kamba mapema, kulirudisha nyumbani ni shughuli.

Wakenya nao walistushwa mwaka 2006 pale kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara. Kikoi! Kitu ambacho babu zetu wa pwani wamejifunga kiunoni tangu enzi na enzi. Zikapigwa kelele, wanasheria wakaingia, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Kikoi kilipona kwa sababu kilikuwa na watu wa kukipigania na jina ambalo kila mtu alijua linatoka wapi. Kikapu cha Sepuka kikifika duka la London kinaandikwa nini? "Kikapu cha Afrika." Afrika ipi, bwana? Hata mpelelezi hakijui kilikotoka.

Na sheria ipo, tusisingizie. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikutungwa kwa ajili ya wanamuziki peke yao. Inatambua pia kazi za sanaa za mikono, na ina sehemu yake inayolinda sanaa za jadi. COSOTA iliundwa chini ya sheria hiyohiyo. Jina la kikundi na nembo yake vinasajiliwa BRELA kama alama ya biashara, sawasawa na jina la soda. SIDO ipo tangu mwaka 1973 na kazi yake ni viwanda vidogo, na sijui kiwanda kidogo kuliko mama, nyasi na sindano. Kikundi kikianza na kikaratasi tu kwenye kila kikapu, kiandikwe "Kimesukwa Sepuka, Singida, Tanzania" na jina la aliyesuka, tayari kimepiga hatua.

Usicheke kikaratasi. Kumbuka tulivyochezea bahati yetu tarehe 1 Juni 2019. Siku hiyo mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, kikapu cha mama zetu kimerudi sokoni! Nchi nzima ilihitaji kitu cha kubebea nyanya. Kilichotokea unakijua. Viwanda na waagizaji wa ile mifuko mbadala walishajipanga na mizigo yao, na wiki ya kwanza tu soko lilikuwa lao. Msusi wa Sepuka alikuwa na vikapu saba ukutani, hana wa kumpigia simu, hana sanduku, hana jina. Nafasi ilibisha hodi, mwenye nyumba yuko shamba.

Sasa nije kwenye kinachoniuma hasa.

Shangazi yangu ana mjukuu wa kike, kamaliza darasa la saba. Binti ana mkono mwepesi, akiwa na miaka tisa alishajua kuanzisha kitako cha kikapu, na kitako ndicho kigumu. Nilimuuliza kama anaendelea kusuka. Akacheka kwa aibu, akaangalia chini.

"Mjomba, kwa hela ile? Bibi mwenyewe anasuka hadi macho yanauma, halafu tunanunua chumvi. Mimi nasubiri nauli, kuna dada amesema kuna kazi za ndani Dar."

Nikakosa la kumwambia. Kwa hesabu yangu mwenyewe ya sh. 833, binti yule amefikiri vizuri kuliko mimi mwandishi. Unajua wewe unayesoma gazeti hili ukiwa Sinza au Mbezi, jinsi tunavyopenda kusema "nitafutie hausigeli wa Singida, wana adabu". Basi ndio hao. Tunachukua mkono uliojua kuanzisha kitako cha kikapu, tunaupa dekio. Na atakapoondoka, zile nakshi ambazo shangazi anahesabu kichwani hazina mtu wa kuhesabiwa. Hazipo kwenye kitabu. Shangazi akifumba macho, zimekwenda naye.

Mpango wowote wa uchumi wa ubunifu ambao hauwezi kumfanya binti yule aahirishe ile nauli, huo ni usanii wa sabuni.

Akina baba wa Sepuka nanyi nina neno lenu, msijifiche nyuma ya mtungi wa pombe ya mtama. Hela ya kikapu ikiingia, jioni mnakuwa wapole ghafla. "Mama fulani, kuna kitu kidogo hapo?" Mwanamke akijua kwamba mauzo yake yanaishia kilabuni, atasuka kwa kasi gani? Mwacheni aweke kwenye kikundi. Mkitaka kusaidia, yale majani ya kusukia yanakatwa mbali zaidi kila tunapofungua shamba jipya la alizeti. Acheni kipande kando ya shamba yaote. Hiyo nayo ni kazi ya mwanamume.

Vijana wa pikipiki na simu zenye kioo kikubwa, nanyi mmo. Mnapiga picha za sahani za chipsi mnatuma intaneti usiku kucha. Pigeni picha kikapu cha bibi kwenye mwanga mzuri wa asubuhi, andikeni kipimo, bei na jina la kikundi, malipo kwa simu. Chukueni asilimia yenu ya haki mliyokubaliana mbele ya mwenyekiti na katibu. Mchuuzi mwenye umri wa miaka ishirini anayelala kijiji kimoja na msusi hatamnyonga sana, maana jioni atakutana na mama yake.

Na wewe dada wa mjini, bingwa wa kicheni pati. Mnachangishana mamilioni, mnanunua mapambo ya plastiki yaliyotengenezwa mbali na kesho yake yako jalalani. Bibi harusi akikabidhiwa vikapu vitano vya Singida, vimepangwa kwa ukubwa, vina majina ya waliosuka, atavitumia hadi mwanawe aolewe. Halafu ukifika kununua usianze na ule wimbo wenu wa "mama nipunguzie". Muulize kwanza kimemchukua siku ngapi. Akikujibu siku sita, wewe mwenyewe jitajie mshahara wako wa siku sita, ndipo ufungue pochi.

Mimi wiki ijayo ninapeleka vijiti viwili vya kipimo kwa shangazi, na hela ya kununulia debe moja la mahindi kama mkopo wa kusubiria. Amesema akiona vijiti havina adabu atavitia motoni apikie ugali. Nitawaambia alivyoviamua.

Kwa leo tuishie hapo, msomaji wangu. Panapo majaliwa tukutane wiki ijayo, na kama kuna kikundi cha wasusi kwenu kinachofanya vizuri zaidi ya sisi, niandikie ili tuwaige. Kuiga kizuri si usanii.